Sifa za Mbia Asiyeshika Sururu
Rwamgasa, mkoani Geita, wajuzi wamejaa: huyu anasoma mwamba, yule anapanga matimba, mwingine anakamata dhahabu kwa zebaki. Tunu ni mbia asiyejua lolote, yaani mwenye leseni ya uchimbaji mdogo. Sheria ya Madini ya 2010 inampa miaka 7, tena bila kumtahini kushika sururu. Sisi ni nani tumtahini? Mtasema hashuki duarani, yaani shimoni. Je, leseni ikilowa? Mtasema viroba vya mawe vikigawanywa hachelewi. Kuwahi nako ni kipaji, na mwenye duara aliyekopa dizeli ya pampu hana nafasi ya kukikuza. Vijana wa programu za simu huko Dar es Salaam, wanaohangaikia mbia wa kuwaletea maono tu, waje huku. Tunao wa kuwagawia.