Marehemu Anakunywa Kahawa

Mxiuu! Mnamwona huyo aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye helmeti magotini na kashata mkononi? Huyo ni marehemu. Kafa juzi hapa hapa Kihonda Maghorofani, ndani ya steshenari, kwa maneno 650. Aliyemuua ni mwanaye wa kwanza, kamaliza kidato cha sita, anaomba ufadhili Marekani.

Vyuo vingi vya huko vinatumia fomu moja, Common App, na fomu inataka insha ya kujieleza: isipungue maneno 250, isizidi 650. Dogo kaenda steshenari, wakamfungulia faili lenye insha ya yatima tayari, wakabadilisha jina, akalipa buku tano. Mnh! Wasomaji wa huko watadhani Morogoro nzima haina baba.

Na nyie wakubwa msicheke. Ukiomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo haikuulizi wewe ni mtu wa namna gani. Inataka karatasi: cheti cha kuzaliwa, na kama mzazi kafariki, cheti cha kifo kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA. Sawa, fedha ni za umma, muhuri lazima. Lakini mtoto anaondoka akiamini kwamba asiye na msiba hana hoja. Shuleni kaandika umuhimu wa misitu mpaka kidole kikaota sugu. Nyumbani anayejisemea mwenyewe anaambiwa ana majivuno. Leo anaambiwa haya, jieleze. Aanzie wapi?

Nikamuuliza dogo: hesabu za mkataba wa baba yako alikuwa anaandika nani? Kainama.

Kijiwe kizima tunajua. Boda ya baba yake ilichukuliwa kwa mkataba, elfu kumi kila siku kwa tajiri mpaka iwe yao. Wakati huo dogo yuko darasa la sita, kila jioni anambana baba yake kama trafiki: abiria wangapi, mafuta ya shilingi ngapi, pancha kaziba wapi. Masika ikikata abiria, analigawa deni upya kwenye daftari. Siku tajiri alipokuja kudai wiki mbili zilizokwisha kulipwa, mtoto kafungua daftari, kasoma tarehe moja moja, mbele yetu. Tajiri kaondoka bila kuaga. Hilo halimo kwenye insha hata kwa neno moja! Kaliacha, kaenda kununua msiba wa watu.

Marehemu kasikiliza yote, kanywa kahawa yake mpaka machicha. Kauliza kitu kimoja tu.

"Sasa mwanangu, mimi nilikufa na nini?"

"Ajali ya boda, baba."

Mzee kavaa helmeti.

Dogo, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Daftari liko chini ya kiti cha pikipiki, na pikipiki imekwenda Msamvu na abiria. Kaa hapo umsubiri arudi.