Seva Iliyohamia Tokyo Bila Nauli

Ukitaka seva iliyoko Endagikot, huku Mbulu, isome saa sawasawa, sharti kwanza uidanganye kwamba iko Nairobi. Windows haijui kingine. Fungua orodha yake ya kanda za saa, shuka taratibu uzipite Cairo, Athens na Baghdad, na kwenye saa tatu mbele ya Greenwich utaikuta Nairobi imesimama kwa niaba yetu sote. Dodoma haimo. Dar es Salaam haimo. Mbulu usiulize. Wenye Linux wana ahueni ya jina tu: wao Dar es Salaam wanayo, ila siku hizi ukichungulia hifadhidata ya kanda za saa unaona ni kiungo kinachokurudisha Nairobi. Mzee mmoja pale Endagikot nilipomweleza hayo aliguna, akauliza kama na ushuru wa saa tunawalipa Wakenya.

Na hiyo saa ya Nairobi nayo si ya jua letu. Imepimwa kwa nyuzi 45 mashariki, huko karibu na Mogadishu, na sisi Mbulu tuko kwenye nyuzi 35 na ushee. Kwa wastani jua linatufika utosini saa sita na dakika kama 38. Ndiyo maana asubuhi ya Julai saa inaweza kugonga kumi na mbili na nje bado ni giza, ukungu na ng'ombe wasiotaka kutoka zizini. Wakoloni waliwahi kuhangaika na jambo hilo: kuanzia mwaka 1937 hadi 1942 Kenya ilikwenda kwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, kama mtu anayepunguza bei robo robo sokoni. Baadaye wakaona yaishe.

Basi mahali ambapo jua lina saa yake, Nairobi ina yake na watu wana yao, ndipo kikatokea kisa cha chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho sitakitaja kwa sababu nami nina mkopo huko.

Seva yao ilikuwa na kile kibetri cha duara, CR2032, kinachoiwezesha kukumbuka saa umeme unapokatika. Kibetri kikafa. Umeme ulipokatika na kurudi, seva ikaamka haijui ni mwaka gani. Kijana wa kompyuta akaiandikia tarehe, kisha akauliza kwa sauti, "Mzee, saa ngapi?" Mwenyekiti akatazama mkononi, mshale mfupi uko kwenye tisa, akajibu kama Mtanzania yeyote mwenye akili timamu: "Saa tatu kamili." Kijana akaandika tatu.

Hapo mimi simlaumu mtu. Mwenyekiti alisema kweli, kijana aliandika alichoambiwa, na seva ilipokea ilichopewa. Saa sita zilizopotea zilipotelea hewani, katikati ya watu wawili waaminifu.

Mweka hazina ndiye aliyeona. "Mbona kioo kinasema saa tisa ya usiku na mimi nimeshakunywa chai?" Kijana, badala ya kurudi kwenye saa, akaingia kwenye kanda. Akashuka orodha, akijaribu moja baada ya nyingine, hadi akapata inayoonyesha tisa asubuhi ya Kizungu. Ilikuwa Tokyo. Akabonyeza, wote wakashukuru, na seva ya Endagikot ikahamia Japani bila nauli wala pasipoti.

Sasa kulikuwa na makosa mawili yaliyokumbatiana, na yakikumbatiana hivyo huonekana kama ukweli. Kioo cha seva kilisema saa tatu, saa ya ukutani saa tatu, kompyuta za makarani nazo saa tatu. Hata hivyo kila karani aliyejaribu kuingia alikataliwa. Mashine hazilinganishi saa mnayoiona kiooni. Zinalinganisha ile ya ndani, ya Greenwich, na hiyo ilikuwa nyuma kwa saa sita. Mlinzi wa mlango kwenye mitandao ya namna hii, Kerberos, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Dakika 5! Kwenye vikao vya chama kile dakika 5 hazitoshi hata kutafuta kiti.

Makarani wakawa wanapanga foleni kwenye kioo kimoja cha seva. Intaneti nayo haikuwepo, kifurushi kimeisha. Kifurushi kiliponunuliwa, seva ikafanya ilichofundishwa: ikauliza saa mtandaoni kwa NTP, utaratibu ambao David Mills aliuandika mwaka 1985 ili kompyuta zisiwe zinabishana. Ikajibiwa, ikasahihisha saa ya ndani. Makarani wakaanza kuingia kwenye kompyuta zao kama kawaida. Kijana akapongezwa.

Lakini Tokyo ilibaki palepale. Kosa moja lilipoondoka, la pili likabaki halina wa kulificha, na saa tatu asubuhi ya Endagikot ikawa saa tisa alasiri kwenye risiti. Watu walidhani ni wino.

Mwisho wa mwezi ndio uliotuumbua. Tarehe 31 ofisi hufunguliwa hadi usiku, maana wanachama wengi hulipa wakitoka kwenye biashara zao. Kuanzia saa kumi na mbili jioni seva ilikuwa imeshavuka kwenda tarehe mosi, na programu ya mikopo, isiyo na huruma, ikaanza kutoza faini ya kuchelewa. Nikaitwa nitengeneze, nikafika nikamkuta mama mmoja muuza vitunguu saumu ameshika karatasi yake mbele ya dirisha.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiye fundi? Hii risiti inasema nimelipa kesho."

"Shikamoo mama. Ni saa ya mashine imepotoka."

"Marahaba. Sasa kama nimelipa kesho, nirudishieni hela yangu leo. Nitaileta hiyo kesho."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kurudisha seva nyumbani ilikuwa kazi ya kubonyeza mara chache. Kibetri kipya nacho si mali ya kuuzia ng'ombe. Mafaili ndiyo yaliyonilaza macho. Diski ya seva huhifadhi muhuri wa saa kwa Greenwich, na kioo hukuvalisha kanda uliyochagua. Kwa hiyo mafaili ya baada ya intaneti kurudi yalijiponya yenyewe nilipochagua Nairobi. Yale ya kabla yake, ambayo kila mtu aliyaamini, ndiyo yakaonekana yameandikwa saa tisa usiku, ikabidi niyasogeze mbele saa sita. Nikashusha pumzi. Mweka hazina akaleta flashi yenye nakala zake.

Flashi ile ilikuwa ya mfumo wa FAT, ambao huandika saa ya kiooni kama ilivyo, haujui kanda wala Greenwich, na sekunde unazihesabu mbili mbili. Humo mambo yalikuwa kinyume kabisa: mafaili ya kabla ya intaneti kurudi sahihi, ya baada yake ndiyo mabovu. Hati ileile, seva inasema hivi, flashi inasema vile, na mweka hazina anasema flashi ndiyo anayolala nayo chini ya mto.

Risiti sikuzigusa bila karatasi. Kubadili tarehe kwenye vitabu vya hela za watu bila idhini ni njia fupi ya kufika polisi. Kamati ikaitwa, na katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba kikao kimeridhia kwa kauli moja saa zirudishwe nyuma saa sita na faini zifutwe. Mjumbe mmoja alitaka wakati tuko hapo zirudishwe mpaka msimu wa mahindi. Hakuungwa mkono.

Ruta ndiyo iliyobaki. Ruta ile haina kibetri, hivyo kila umeme ukikatika huamka tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa zetu, na kuandika kwamba karani fulani ameingia mtandaoni. Mwaka 1970 Mbulu ilikuwa Mkoa wa Arusha; Manyara ulizaliwa 2002, na karani huyo baadaye kidogo. Ikipata intaneti hujirekebisha, nikaiacha.

Mwenyekiti akauliza kama ugonjwa huu utarudi. Nikamwambia ule wa programu za zamani una tarehe: Jumanne, 19 Januari 2038, hesabu ya sekunde itazijaa, na kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Katibu akaandika. Mwenyekiti akafikiri, akasema Jumanne asubuhi hapana, akidi haitatimia, kikao kisogezwe hadi Alhamisi.