Saa Tano u Nusu

Muscat, mwisho wa kusi

Shangazi mpenzi,

Napenda kuyajibu mashtaka yaliyonifikia kwa njia ya mpwa wangu, kijana ambaye, tangu alipogundua katika hiyo simu yake kwamba baina ya Muscat na Unguja pana kiasi cha kilomita 3,900 tu, na kwamba ndege huzikata kwa saa tano u nusu, ameninyima raha ya dunia. Zamani, mlipodhani Omani iko kwenye ncha ya ardhi, mlinihurumia na kuniombea dua. Sasa kila posa, kila hitima na kila akika naulizwa sababu ya kutokuja, na hali ni saa tano tu. Ile nusu mmekwisha kuidhulumu.

Nataka insafu. Wazee wetu wa majahazi walikuwa na udhuru ambao hapana kadhi wala mkwe aliyethubutu kuupinga, nao ni upepo: mtu hakutoka Omani kuja Unguja mpaka kaskazi ivume, kiasi cha Desemba, na akishafika hakuwa na njia ya kurudi mpaka kusi ishike, Aprili au baadaye, na miezi yote hiyo alikaa akila pilau za watu kwa heshima kamili, wala hapana aliyemuuliza likizo yake yakoma lini. Seyyid Said mwenyewe, Sultani wa Omani na Unguja, pamoja na merikebu zake zote, alifia baharini karibu na Shelisheli mwezi wa Oktoba 1856, akitoka huku kuja huko, na sijapata kusikia kwamba alilaumiwa kwa kuchelewa. Mimi nikikosa arusi niseme nini? Kwamba tanga la ndege limepasuka?

Tena hizo saa tano u nusu ni za rubani. Zangu huanza siku ile habari ya safari inapovuja mjini humu, ambamo Kiswahili husikika mpaka sokoni, na watu nisiowajua kwa sura wala kwa nasaba wakaja kubisha hodi, kila mmoja na kifurushi chake, kidogo tu, cha kumfikishia dada yake wa Kikwajuni. Hata nifikapo uwanja wa ndege huko Seeb, mizani ikatoa ushahidi wake, nikalifungua sanduku mbele ya umma na kuvaa kanzu tatu, moja juu ya nyingine, kwa joto hili mlijualo.

Jambo moja nalikiri. Kwa kuwa saa za huku zatangulia zenu kwa saa moja, mtu aondokaye Muscat saa tatu asubuhi huteremka Unguja saa saba u nusu, na akiondoka Unguja saa tatu hufika Muscat saa tisa u nusu. Basi kwa saa ya ukutani, kuja kwenu ni saa nne u nusu, na kurudi kazini ni saa sita u nusu. Katika hesabu zote za anga, hii ndiyo pekee inayowafikiana na nafsi yangu.

Arusini mnakoniita nitakuja, inshallah. Halwa ya zafarani nimekwisha kuiagiza, na udi pia. Ama yale mabakuli ya kaure, dazeni mbili, uliyoyataja mwishoni kana kwamba ni neno la kupita, nakusihi yangoje meli.

Wasalaam,
Mwanao