Fimbo Yenye Tetekuwanga

Kanzu yenyewe ilikuwa ya nikahi. Ami, jirani yetu, alikuwa njiani kwenda kumwozesha mjukuu wake baada ya swala ya alasiri. Akapumzika kwenye daka letu, akaiona fimbo yangu ya gofu imeegemezwa ukutani, kijani kibichi na mstari mweupe, ukiitazama tu, mpya kabisa. Akaichukua, akailaza mapajani, akaanza kukipapasa kichwa cha fimbo kwa kidole gumba. Kichwa kilikuwa kimeota malengelenge. Ami akabonyeza moja, likapasuka, na maji ya kutu yakatiririka juu ya kanzu nyeupe.

"Mwanangu," akasema bila haraka, "hini fimbo ina tetekuwanga?"

Wazee waliokuja kumsindikiza walicheka hadi mmoja akaangusha tasbihi. Ami akaenda kuozesha akiwa na kanzu ya mwanangu wa kidato cha pili, iliyomfika chini kidogo ya magoti, na nasikia picha zake zimeshafika Mombasa.

Lamu hakuna uwanja wa gofu. Viko huko kusini, Vipingo na Nyali, na mpwa wangu anayebeba mifuko ya wachezaji ndiye aliyeipata fimbo hiyo mtumba, akanitumia kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, na ujumbe kwamba nikiipaka rangi vizuri wageni wa kijiji cha Shela wataigombania. Ni ile fimbo ya mwisho, ya kuusukuma mpira taratibu uingie kwenye shimo lenye upana wa milimita 108. Wenzetu wameifikiria sana. Karsten Solheim, injinia mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi General Electric huko Marekani, alitengeneza yake mwaka 1959, ikawa inalia "ping" kila ikigonga mpira, na sauti hiyo ikawa jina la kampuni nzima. Yangu ni chuma cha kawaida na hailii chochote.

Rangi ya zamani niliitoa kwa dawa ya mke wangu ya kufutia rangi ya kucha, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakisuuza kwa kata kadhaa za maji ya kisimani, nikakifuta, nikapaka. Kazi safi. Aliyeiharibu ni maji, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana tangu jana sina jingine ninalolifikiria.

Tunadhani rangi ni ukuta. Sivyo. Rangi ikishakauka hubaki na vinjia vidogo mno ambavyo mvuke wa maji hupenya polepole. Chini yake pakiwa safi, maji hayana la kufanya huko. Lakini maji ya kisima yakikauka juu ya chuma huacha chembe za chumvi ambazo jicho halizioni, nawe ukipaka umezifungia ndani. Chumvi haikai kimya. Inayavuta maji ya hewani yapite kwenye rangi yaje kuiyeyusha, na Lamu hewa yenyewe ni nusu bahari. Maji yakijikusanya, rangi hunyanyuka: lengelenge. Ndani ya lengelenge, chumvi inakiondolea chuma kinga yake na kutu inaanza. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo inaisukuma rangi zaidi, njia zinapanuka, maji yanaongezeka. Yote hayo yakitendeka, nje unaona kijani kinang'aa na unajisifu.

Fundi mmoja wa majahazi kutoka Matondoni alinisikiliza nikimweleza haya, akatikisa kichwa kwa huruma. Mbao, alisema, haina ugomvi na chumvi. Chumvi huizuia isioze. Chuma ndicho kisichoitaka, na kila anayepaka meli ya chuma huiosha kwanza kwa maji matamu. Nikamwuliza maji matamu hayo nitayatoa wapi. Hakujibu.

Hapo ndipo kicheko kinapoanza kunikauka. Maji ya mji huu hutoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua ya masika ikinyesha pale haikimbilii baharini. Mchanga unaimeza, nayo inashuka mpaka inapokutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, basi hayachanganyiki ovyo bali yanaelea juu yake. Mhandisi wa Kiholanzi, Badon Ghijben, na Mjerumani, Herzberg, kila mmoja kivyake, walipiga hesabu zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Ni hazina ya ajabu. Lakini isome hesabu hiyo kinyumenyume: ukishusha maji kwa mita moja tu kwa kuvuta kupita kiasi, bahari itapanda kwa mita 40 kuja kukutana na ndoo yako.

Watu wa huku hawakuhitaji Mholanzi kuwaeleza. Ng'ambo tu, kisiwani Manda, yako magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa mara nyingi ni visima kuingia chumvi. Wenyewe walivuka mkondo wakaja Shela, kwenye mchanga wenye maji. Na sisi, vizazi vyao, tumeviangalia vilima hivyohivyo vikikatwa viwanja. Vinalindwa kwa sheria, karatasi zipo. Nyumba nazo zipo, na mabwawa ya kuogelea, na bustani zinazonyweshwa mchana wa jua kali mwisho wa kaskazi. Mama mwenye birika ndogo ya kuhifadhia maji na visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu anaambiwa abane matumizi. Aliyechimba bwawa haambiwi kitu, kwa kuwa ameleta ajira. Kanzu ya Ami itatakata. Kisima kikishaingia chumvi hakifuliwi kwa ndimu.

Mengine ya fimbo hiyo ni madogo. Mpini wa mpira niliouvisha upya umeganda ukitazama nyuma. Niliposhikilia kichwa juu ya jiko la makaa ili rangi ikauke haraka, gundi iliyokishika ililainika, kikatumbukia kwenye wali. Punda wa jirani ameonja rangi akaitema. Mke wangu anataka chupa yake ya dawa ya kucha, iliyojaa, si nusu.

Jana usiku nilikipiga msasa tena kichwa hicho mpaka chuma kitupu, na safari hii nimekisuuza kwa maji ya chupa ya dukani, ambayo kwa lita ni ghali kuliko maziwa ya ng'ombe wa shemeji yangu. Hata hivyo siipaki tena. Inauzwa kama ilivyo, pamoja na kikopo cha kijani kilichobaki. Anayeitaka aje Lamu, tena aje na maji yake. Na mwenye bwawa kilimani asihangaike kuja kuuliza bei; kwake siuzi.