Kwa Wizara ya Mambo ya Nje, kutoka kwa watu wa ndani

Mheshimiwa Waziri,

MINT: OMBI LA KUTAMBULIWA KUWA NCHI YA KIGENI

Sisi wakazi wa mitaa ya Nairobi twawapongeza kwa sifa mnazoiletea Kenya ughaibuni. Tulianza kuringa Februari 2022, balozi wetu Martin Kimani alipoliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Waafrika walirithi mipaka iliyochorwa na wakoloni wakaamua kuishi nayo, hivyo Urusi nayo ivumilie mpaka wake na Ukraine. Hata wasiojua Ukraine iko wapi waliisambaza video ile.

Kisha mkaikumbuka Haiti. Tarehe 25 Juni 2024 kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilitua Port-au-Prince kuwakinga raia na magenge. Siku hiyohiyo wenzao waliobaki walikuwa Bungeni, wakiwafyatulia risasi vijana waliokataa Mswada wa Fedha. Kufikia 1 Julai Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 vya maandamano hayo. Hatulalamiki. Labda ndege ilikuwa na nafasi chache, wakapandishwa wale wapole.

Tarehe 9 Oktoba tukachaguliwa kuingia Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa. Tarehe 18 wakimbizi kutoka Uturuki wakanyakuliwa hapa Nairobi, wanne wakarudishwa kwao. Wizara ikatutuliza: Uturuki imeahidi kuwatunza kwa heshima. Ahadi ya anayekuwinda! Novemba, Kizza Besigye, mpinzani wa Rais Museveni wa Uganda, alikuja kwa ajili ya uzinduzi wa kitabu cha mwanasiasa Martha Karua, naye akanyakuliwa, siku chache baadaye akafikishwa mahakama ya kijeshi Kampala. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Safari hii aliyepona ni Museveni. Mwaka uliofuata wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulikiri kwamba Kenya ilishirikiana na Uganda. Twashukuru kwa uwazi, ijapokuwa ulichelewa.

Februari 2025 ndipo ukarimu ulipofurika. Wapiganaji wa RSF wa Sudan, ambao Darfur yawajua vizuri, walifungua hafla yao katika jumba la KICC hapa Nairobi, njiani kuunda serikali yao. Mkasema Kenya ni jukwaa tu la mazungumzo. Sudan ikajibu kwa kupiga marufuku bidhaa zetu, chai ikiwemo, na mkulima wa Kericho akawa mwanadiplomasia asiye na mshahara.

Sasa ombi letu. Tumechunguza tukaona kwamba huruma ya serikali huanzia uwanja wa ndege wa JKIA, tena upande wa wanaoondoka. Basi mitaa yetu ya Mathare, Kayole na Githurai itambuliwe kuwa nchi za kigeni. Nasi tuletewe kikosi kama kile cha Haiti, ambacho Baraza la Usalama lilikipa masharti ya haki za binadamu kwa maandishi kabla hakijaondoka. Mkalimani hatuhitaji, polisi wenu na sisi twatukanana kwa Kiswahili kilekile. Jengo la ubalozi hatuna, ila mama wa chapati ametuazima benchi lake hadi saa moja jioni, kabla doria haijapita.

Wenu watiifu,
Raia, kwa sasa