Kompyuta Isiyougua Mbele ya Fundi

Kompyuta yetu haikuwahi kuugua mbele ya fundi, na hilo lilitutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Ukiwa na mteja mwenye haraka, inajizima na kujiwasha yenyewe bila hata kukuaga. Fundi akiingia na begi lake mgongoni, inatulia, inafungua Word, inapiga na muziki. Unabaki unajieleza mbele ya watu kama mzushi.

Ni kompyuta ya mezani ya steshenari yetu ndogo huku Mbagala, ya mtumba kutoka Ulaya, bado ina kibandiko cha ofisi yake ya zamani ubavuni. Kazi zake ni za steshenari yoyote: barua za maombi ya kazi, kadi za michango, mitihani ya majaribio ya shule za jirani, na dirisha la mikopo ya wanafunzi likifunguliwa, foleni mpaka barabarani. Sasa uko ukurasa wa tatu wa mkataba wa kuuziana kiwanja, wauzaji na wanunuzi wamekuzunguka, mjumbe naye yupo, kioo kinakuwa cheusi. Mlio mfupi, tit, halafu nembo ya kiwanda inakusalimia upya. Kimya. Kisha mmoja wao lazima aulize: "Dada, lakini ulisevu?" Swali hilo lingefaa kupigwa marufuku kwa sheria ndogo za manispaa.

Bwana mmoja alipoombwa arudie kusoma orodha ya wanakamati wake kwa mara nyingine, aliondoka kwa hasira, akavuka barabara kwenda kwa washindani wetu, na fleshi yake akaiacha imechomekwa.

Ushauri haukuhitaji kuombwa. Shemeji alisema ni virusi. Kwa shemeji kila kitu ni virusi. Hata simu yake ikiisha chaji mapema ni virusi. Alileta antivirusi kwenye fleshi, ikakagua mashine yote kwa saa nzima, ikakamata virusi kweli, na vyote vilikuwa ndani ya fleshi ya shemeji. Mama anayeuza chapati pembeni yetu hakuwa na haja ya kukagua chochote. Alitazama steshenari ya ng'ambo, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hapo umechezewa." Nilimwambia mama, kama ningekuwa na uwezo wa kuroga kompyuta, ningeanza na ya kwetu.

Fundi wa kwanza alitoa hukumu kabla hajaketi: "Hii tuipige Windows." Mafundi wetu wengi wana dawa hiyo moja. Kioo kimepasuka? Tupige Windows. Ikapigwa, fonti zetu zote za kadi za harusi zikaenda na maji, na ugonjwa ukabaki palepale. Fundi alilipwa, kwa sababu wakati anaondoka mashine ilikuwa nzima.

Wa pili alikuwa mtu makini, simsemi vibaya. Alilitoa boksi nje, akalipuliza kwa blowa mpaka mtaa ukapiga chafya. Akachomoa ramu, akasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, na msicheke, hiyo ni tiba ya kweli, maana uchafu mwembamba pale unatosha kuangusha mashine. Akabadilisha na pesti ya prosesa iliyokuwa imekauka, kwa kuwa prosesa ikizidiwa na joto mashine hujizima kujilinda. Kompyuta ikawa safi, ikapunguza kelele, na kesho yake ikajizima kwa utulivu mkubwa.

Aliyeanza kutufungua macho ni mtoto wa jirani anayesoma chuo. Alieleza kwamba Windows kama yetu ikianguka yenyewe huonyesha kioo cha bluu chenye maandishi, lakini imepangwa ijiwashe upya haraka, hivyo mtu hapati kusoma. Akaondoa alama kwenye mpangilio huo ili kioo kibaki. Tulikisubiri kioo cha bluu kwa hamu. Hakikuja, ulikuja uleule weusi. Akafungua kumbukumbu za matukio, akakuta mistari mingi yenye namba 41, ambayo kwa ufupi inasema kwamba mashine imewaka bila ya kuzimwa ipasavyo. Ilikuwa kama ripoti ya mlinzi aliyeamka alfajiri na kuandika daftarini kuwa duka limevunjwa. Hata hivyo, kijana alisema, kama hakuna bluu, basi yaelekea mashine inanyang'anywa umeme. Kumbe ile Windows ilipigwa kwa kuonewa.

Jibu lenyewe lilitoka kwenye benchi. Mama mmoja alikuwa anasubiri kadi za ubatizo, simu yake imezima, hana pa kutazama isipokuwa dari. Akasema, "Nyie, mbona taa inakonyeza kila huyu akitoa kopi?" Huyu ni mdogo wangu, na kopi anazitolea kwenye printa yetu ya leza. Tukasimama wote kutazama taa. Akatoa kopi. Taa ikakonyeza. Kompyuta ikajizima.

Printa ya leza huyeyusha wino wa unga kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200. Ikiwa imepoa, ukiiamuru ichape inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na kwetu kila kitu kilikuwa kwenye ekstensheni moja, kwa sababu mwenye nyumba aliona chumba cha biashara kinatoshwa na soketi moja. Wakati huo pawa saplai, inayogeuza volti 230 za ukutani kuwa 12, 5 na 3.3, inatakiwa ivumilie. Ikiwa mpya kabisa huvumilia umeme kutoweka kwa milisekunde kama 16, na mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20, kwa hiyo uvumilivu wenyewe si wa kujivunia. Yetu ilikuwa imezeeka. Fundi wa pili aliporudi na kuifungua (ninyi msijaribu, kapasita zake hutunza umeme hata ikichomolewa), alikuta kapasita mbili zimevimba vichwa. Umeme ukitetereka kidogo tu, pawa saplai inaondoa ishara ya kuiambia mazabodi kwamba mambo ni shwari, na mazabodi inaanza upya.

Na fundi akija je? Fundi akija, kazi inasimama. Mdogo wangu anaacha kopi ili aje kushangaa. Printa inapumzika, taa imetulia, kompyuta nzima.

UPS tulikuwa nayo, ila betri yake ilikufa siku nyingi, ikapewa kazi ya kuzuia mlango usipigwe na upepo. Hata ingekuwa hai, printa ya leza haichomekwi kwenye UPS. Tulinunua pawa saplai nyingine Kariakoo kwa shilingi 30,000, na mwenye nyumba, baada ya maneno mengi, akakubali soketi ya pili kwa ajili ya printa peke yake. Gharama tukalipa sisi. Tangu hapo haijajizima, na shemeji anawaambia watu ni ile antivirusi yake.

Yule bwana wa orodha ya wanakamati, fleshi yako ipo kwenye droo. Tumeikagua, nayo ina virusi. Njoo uichukue, na orodha yako tutaichapa kwa nusu bei.