Sifa za Ufa wa Lehemu

Washairi wetu wamekwisha kusifu majahazi, minazi na macho ya warembo. Ufa uliomo kwenye lehemu ya kadi ya kontrola ya jenereta haujapata hata ubeti mmoja. Mimi fundi, niliyesumbuliwa nao kuliko wengi, nasimama leo kuulipia deni hilo.

Tazameni kwanza makazi yake. Haukujenga kwenye injini, penye makelele na heshima. Umejikunja chini ya kadi, ukauzunguka mguu wa rilei kwa duara jembamba lisiloonekana bila lenzi. Na haukuzaliwa kwa uvivu. Jenereta ikinguruma, kadi hutikisika. Ikipata joto, shaba, lehemu na kadi yenyewe hutanuka, kila kimoja kwa kadiri yake. Ikipoa, vyote hunywea. Vikivutana hivyo miaka na miaka, lehemu huchoka, ufa ukazaliwa.

Lakini fadhila yake kuu ni haya. Umeme unakatika adhuhuri, jenereta inawaka, watu wanashangilia. Baada ya nusu saa kontrola imepata moto, ufa unaachama, rilei inaachia vali ya mafuta, injini inazima. Naitwa. Nikifika, kadi imeshapoa, lehemu imekutana, jenereta inawaka kwa mguso wa kwanza. Ufa umejifunika kama mwari aliyesikia hodi ya wanaume. Nikiugusa kwa ncha ya mita, uzito wa mkono wangu unaubana, mita inalia kwa furaha: njia nzima! Yaani kupimwa kwenyewe ndiko kunakouponya. Nikiipeleka kadi mezani, kwenye ubaridi na utulivu, ufa unazidi kuona haya. Lazima niubembeleze kwa kikausha nywele, nigonge kadi polepole kwa mpini wa plastiki wa bisibisi, ndipo ukubali kujifunua, kwa sekunde moja tu. Malezi gani hayo! Nani leo ana staha ya kiasi hicho?

Fadhila nyingine nazitaja kwa haraka. Hauli mafuta. Haudai posho. Haubagui: hupasua lehemu ya zamani yenye risasi, hupasua pia ile isiyo na risasi ambayo Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwenye vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006.

Na dawa yake ni rahisi: pasi ya kuchomelea, tone la lehemu mpya, sekunde chache. Basi.

Sasa niambieni, kama ni basi, mbona jenereta imekaa wiki nzima imefunikwa turubai? Kwa sababu wakala anasema kadi haitengenezwi, inabadilishwa. Mchoro wa saketi ni siri. Namba za chipu zimekwanguliwa. Kadi nyingine zimemwagiwa gundi nyeusi mpaka pomoni. Na huku kwetu afisa ugavi hana fungu la kulipia tone la lehemu, ila la kadi nzima analo, tena kutoka kwa wakala yuleyule! Mkaguzi wa wakala alikuja asubuhi, injini ikiwa baridi, akaiwasha, ikawaka, akaandika: “Hitilafu haikuonekana.” Sahihi, muhuri, ankara. Mchana giza likaingia, na aliyeitwa kujieleza ni mimi, si ile karatasi!

Mniwie radhi, nimepaza sauti, na hii ni hotuba ya sifa.

Nilitaka kusema tu kwamba ufa una haya. Ukishaonekana, umekwisha, haurudi kubishana, wala hauleti barua ya kufafanua. Lakini wapo wanaoonekana mchana kweupe, kwa jina na cheo, na bado wanakaa kikaoni kupitisha manunuzi ya kadi ya tatu. Hao nimewatafutia pasi ya kuchomelea ya kuwatosha, madukani hakuna.